Umahiri wa Dereva Hauishindi Simu: Hesabu ya Sekunde Tano katika Barabara za Ufipa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Kwa miaka mingi, msafiri aliyeondoka Tunduma kwenda Sumbawanga alijua saa ya kuondoka, lakini hakuwa na hakika ya saa ya kufika. Barabara ilikuwa ya changarawe na udongo. Wakati wa masika malori yalizama kwenye tope, na magari yaliyofuata yakasubiri nyuma yake hadi njia ifunguke. Dereva aliyepita huko alishika usukani kwa mikono miwili kwa sababu barabara yenyewe ilimlazimisha.

Hali hiyo imebadilika. Barabara ya lami yenye urefu wa takriban kilomita 223, iliyojengwa kwa vipande vitatu vya Tunduma–Ikana, Ikana–Laela na Laela–Sumbawanga kwa ufadhili wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC), imeuunganisha Mkoa wa Rukwa na barabara kuu ya kwenda Mbeya, Iringa na Dar es Salaam. Lami nyingine imeshuka kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, na upande wa kaskazini imepanda kuelekea Namanyere na Mkoa wa Katavi. Mahindi ya Ufipa yanafika sokoni kwa wakati, mgonjwa anafikishwa hospitali mapema, na mwanafunzi anayesoma mkoa mwingine anarudi nyumbani bila kulala njiani.

Pamoja na manufaa hayo, lami imepandisha thamani ya kila sekunde ambayo dereva anaitumia kwa jambo lisilo la barabara. Katika miaka hiyohiyo ambayo barabara imekuwa laini, simu ya mkononi imekuwa ofisi ya kila mtu: ndiyo benki, ndiyo redio, ndiyo ramani, na kwa dereva wa bodaboda ndiyo kijiwe cha kupatia wateja. Makala haya yanaeleza kwa nini mkutano wa mambo hayo mawili, kasi na simu, ni wa hatari hata kwa dereva hodari mwenye leseni halali, na nini kila mwananchi anaweza kufanya ili kuipunguza.

Hesabu ya sekunde tano

Sheria ya Usalama Barabarani inaweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi ya abiria na magari makubwa nje ya maeneo hayo. Watu wengi wanazijua namba hizo, lakini wachache wamewahi kuzigeuza kuwa mita.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva akitazama simu kwa sekunde mbili tu, kiasi cha kusoma jina la anayepiga, gari limekwisha kupita mita 44. Akitumia sekunde tano kusoma ujumbe mfupi, gari limepita mita 111, umbali unaozidi urefu wa kawaida wa uwanja wa mpira wa miguu. Katika umbali wote huo gari limekwenda bila mtu wa kuliangalia.

Linganisha na barabara ya zamani. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao ndio ulioruhusiwa na mashimo na matope, sekunde tano zilikuwa sawa na mita 42. Kosa lilelile, la muda uleule, leo limeongezeka urefu karibu mara tatu.

Hesabu haiishii hapo. Dereva anapoinua macho na kuona hatari, huhitaji muda wa kuitambua na kupeleka mguu kwenye breki. Kwa dereva aliye makini, muda huo ni wastani wa sekunde moja hivi. Baada ya hapo, breki nazo zinahitaji nafasi ya kulisimamisha gari. Gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, likitoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa huhitaji jumla ya mita zipatazo 60 hadi kusimama kabisa. Likitoka mwendo wa kilomita 50, huhitaji mita zipatazo 30. Basi lililojaa abiria au lori lenye shehena ya mahindi huhitaji zaidi ya hapo, na lami ikilowa umbali wa kusimama unaweza kuongezeka hata mara mbili. Dereva ambaye mawazo yake yako kwenye simu akichelewa kukanyaga breki kwa nusu sekunde tu, anaongeza mita 11 nyingine. Mita hizo 11 zinaweza kuwa ndizo nafasi iliyobaki kati ya gari na mtoto anayevuka barabara.

Kinachotokea kichwani mwa dereva

Wataalamu wa usalama barabarani wanaeleza kuwa simu humwondoa dereva barabarani kwa njia nne. Ya kwanza ni macho, yanapoelekea kwenye skrini. Ya pili ni mkono, unapoachia usukani au gia. Ya tatu ni masikio, yanapozibwa na sauti ya mazungumzo kiasi cha kutosikia honi au mlio usio wa kawaida wa injini. Ya nne, ambayo ndiyo ngumu kuigundua, ni akili, inapohama na kumfuata mtu anayezungumza upande wa pili.

Njia hiyo ya nne ndiyo inayovunja dhana iliyoenea kwamba kutumia kipaza sauti au spika za masikioni kunamaliza tatizo. Kifaa hicho huurudisha mkono kwenye usukani, lakini hakiirudishi akili. Mtu anayejadili bei ya mzigo au ugomvi wa kifamilia anaweza kutazama mbele moja kwa moja na asione kilichopo. Macho yanapokea picha, lakini akili haina nafasi ya kuifanyia kazi. Ndiyo maana baada ya ajali baadhi ya madereva husema kwa dhati kwamba mtembea kwa miguu "alitokea ghafla", ilhali mashahidi walimwona akitembea kando ya barabara kwa muda.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali unaokaribia mara nne ya ule wa dereva asiyeitumia, na kwamba vifaa vya kuzungumza bila kushika simu haviongezi usalama kwa kiasi kikubwa. Matokeo yanayofanana na hayo yalipatikana mapema, mwaka 1997, katika utafiti uliofanyika mjini Toronto, Kanada. Watafiti walichukua kumbukumbu za simu za madereva 699 waliopata ajali na kulinganisha muda wa ajali na muda wa mazungumzo. Hatari iliongezeka mara nne wakati simu ilipotumika, na waliozungumza bila kushika simu hawakuonekana kuwa salama zaidi. Utafiti huo ulibaini pia kuwa asilimia 39 ya madereva hao walitumia simu zao baada ya ajali kuita msaada. Simu, kwa hiyo, ina nafasi yake katika usalama, ila nafasi hiyo ni pale gari linapokuwa limesimama.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: kama mazungumzo ni hatari, mbona dereva huzungumza na kondakta au abiria wa kiti cha mbele? Tofauti ni kwamba abiria yuko barabarani pamoja na dereva. Anaona lori linalokuja, anaona kona, na mara nyingi hunyamaza mwenyewe dereva anapotaka kulipita gari lingine. Wakati mwingine yeye ndiye huona hatari kwanza na kusema "angalia ng'ombe". Aliye upande wa pili wa simu haoni chochote kati ya hayo. Yuko sebuleni au dukani, naye anataka jibu wakati uleule ambao dereva anahitaji akili yake yote.

Mzoefu naye hana kinga

Dereva wa miaka ishirini huweza kusema kwamba tahadhari hizi ni za wanaojifunza. Ukweli ni kwamba uzoefu una sura mbili. Kwa upande mmoja unampa dereva uwezo wa kusoma barabara mapema. Kwa upande mwingine unazifanya kazi nyingi za uendeshaji kuwa mazoea: kubadili gia, kushika kona anayoijua, kupunguza mwendo kwenye tuta alilolipita mara mia. Mazoea hayo humpa hisia kwamba akili yake ina nafasi ya ziada, na nafasi hiyo huijaza kwa simu. Lakini mazoea hutosha tu pale mambo yanapokwenda kama jana. Siku ambayo mkokoteni wa ng'ombe umeharibika katikati ya barabara, mazoea hayana jibu, na kinachohitajika ni akili ambayo wakati huo iko kwenye mazungumzo.

Dunia ilipata funzo la jambo hili tarehe 24 Julai 2013 nchini Hispania. Treni ya abiria ilikuwa ikikaribia mji wa Santiago de Compostela, ikiendeshwa na dereva mwenye sifa zote na aliyeifahamu njia hiyo. Muda mfupi kabla ya kona iliyoruhusu mwendo wa kilomita 80 kwa saa, alikuwa akizungumza kwa simu na mhudumu mkuu wa treni kuhusu kituo kilichokuwa mbele. Mazungumzo yale yalikuwa ya kazi, si ya starehe. Treni iliacha reli kwenye kona hiyo ikiwa katika mwendo wa takriban kilomita 179 kwa saa, na watu wapatao 80 walipoteza maisha. Mwaka 2024 mahakama ilimtia hatiani dereva huyo pamoja na aliyekuwa msimamizi wa usalama wa miundombinu ya reli.

Mambo mawili yanajitokeza katika tukio hilo. Kwanza, simu ya kazi haina huruma kuliko simu ya maongezi ya kawaida. Pili, wajibu haukuonekana kuwa wa dereva peke yake. Aliyepewa dhamana ya kuweka mfumo wa kumlinda abiria dhidi ya kosa la binadamu naye aliulizwa. Hayo yote yanagusa usafirishaji wetu, ambako dereva wa basi au lori hupigiwa simu njiani na mmiliki, wakala, mwenye mzigo na familia.

Uwanda wa Ufipa na mitego yake

Kila eneo lina hatari zake, na Ufipa ina zake. Mji wa Sumbawanga upo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya safu ya Mbizi. Sehemu kubwa ya uwanda ni nyika ya mawimbi mapana, yenye miti michache, ambapo dereva huiona barabara mbali mbele yake. Mandhari hayo yanapendeza, lakini yanadanganya. Barabara inayoonekana tupu humshawishi dereva kwamba anaweza kuinamia simu kidogo. Nyuma ya kila wimbi la ardhi, hata hivyo, kuna bonde lisiloonekana, na ndani yake kunaweza kuwa na kundi la ng'ombe, baiskeli iliyobeba magunia au pikipiki isiyo na taa.

Mtego wa pili ni mtandao wenyewe. Minara mingi ya simu hujengwa karibu na makazi. Simu iliyokuwa kimya katikati ya nyika hupata mawasiliano gari linapokaribia kijiji au mji mdogo, na ujumbe uliokwama huingia kwa mpigo, mlio baada ya mlio. Kwa maneno mengine, simu humwita dereva kwa nguvu zaidi anapoingia maeneo kama Laela, Mpui, Kaengesa au Chala, mahali ambapo anatakiwa kushuka hadi kilomita 50 kwa saa kwa sababu kuna wanafunzi, akina mama wanaotoka sokoni na bodaboda zinazoingia barabarani kutoka kila upande. Takwimu za WHO zinaonesha kuwa mwendo wa gari ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa upande wa mbele wa gari huongezeka mara 4.5. Dereva aliyesahau kupunguza mwendo kwa sababu anasoma ujumbe amekwisha kuivuka mipaka hiyo bila kujua.

Mtego wa tatu ni hali ya hewa. Kuanzia Novemba hadi Aprili uwanda hupata mvua nyingi, na asubuhi ukungu huweza kuifunika barabara kiasi cha kupunguza uwezo wa kuona hadi makumi ya mita. Katika hali hiyo dereva makini naye hupata shida. Mwenye simu mkononi ni sawa na aliyefumba jicho moja lililobaki.

Mtego wa nne ni mteremko wa Lyamba lya Mfipa, unaoutenganisha uwanda wa juu na bonde la Ziwa Rukwa. Ziwa hilo lipo takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo gari linalotoka uwandani kwenda vijiji vya bondeni hushuka kimo kinachokaribia kilomita moja. Kwenye mteremko wa aina hiyo usalama wa gari hutegemea gia ndogo, injini kulishika gari, na breki kutumika kwa vipimo ili zisipate joto na kupoteza nguvu. Kazi hiyo inahitaji mikono yote miwili na sikio linaloisikiliza injini. Hapo simu haina nafasi hata ya sekunde moja.

Usiku nao una hesabu yake. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24, na safari ya Sumbawanga kwenda Dar es Salaam, yenye zaidi ya kilomita 1,100, hulazimika kupita sehemu ya usiku. Macho ya binadamu huzoea giza polepole. Dereva akitazama skrini yenye mwanga na kurudisha macho barabarani, huwa haoni vizuri kwa muda hata baada ya kuizima simu. Uchovu ukiongezeka juu ya hilo, hatari huwa maradufu.

Leseni inathibitisha nini

Utaratibu wa kupata leseni nchini unamtaka mwombaji wa leseni ya gari awe ametimiza umri wa miaka 18, awe na leseni ya kujifunzia, apate mafunzo katika chuo kinachotambulika, na ajaribiwe na Jeshi la Polisi kabla ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kumpatia leseni. Leseni hutolewa kwa madaraja kulingana na chombo, na anayebeba abiria hutakiwa kuwa na daraja la kazi hiyo. Kumiliki leseni ya gari dogo hakumpi mtu ruhusa ya kuendesha basi au bodaboda.

Kwa vyombo vya biashara, Sheria ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ya mwaka 2019 imeongeza hatua nyingine. LATRA ina jukumu la kusajili wahudumu na kuthibitisha madereva wa vyombo vya usafiri kibiashara, ambapo dereva hupimwa uelewa wake kabla ya kupewa cheti. Aidha, mabasi ya masafa marefu yamefungwa Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Vyombo vya Usafiri (VTS), unaoonesha gari lilipo na mwendo wake.

Hatua hizi zimejenga msingi wa umahiri. Hata hivyo, ni vyema mwananchi akaelewa mipaka yake. Leseni inathibitisha kwamba siku ya mtihani mtu huyu aliweza kuendesha. Hudumu kwa miaka mitano, na ndani ya muda huo tabia yake inaweza kubadilika. VTS inaona kasi ya gari, lakini haioni macho ya dereva. Basi linaweza kwenda kilomita 78 kwa saa, ndani ya sheria kabisa, huku dereva akiandika ujumbe. Umahiri kamili, kwa hiyo, una sehemu mbili: kujua kuendesha, ambako hupimwa na Serikali, na kuamua kuendesha tu, ambako hupimwa kila dakika na dhamiri ya dereva na macho ya wanaomzunguka.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973. Kwa bahati, huo ndio mwaka ambao simu ya kwanza ya mkononi ilipigwa kwa majaribio mjini New York, Marekani. Tanzania ilianza kupata huduma ya simu za mkononi mwaka 1994. Waliotunga sheria hiyo hawakuifahamu simu ya mkononi, lakini waliufahamu uzembe. Sheria inakataza kuendesha chombo bila uangalifu, bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara, au kwa namna iliyo hatari kwa umma, na adhabu huwa kubwa zaidi pale uendeshaji huo unaposababisha majeraha au kifo. Simu iliyo mkononi mwa dereva haimpunguzii wajibu huo. Badala yake, huwa ushahidi wa namna alivyouacha.

Nchi jirani zimelitaja kosa hili waziwazi. Uganda ilitunga kanuni za kuzuia simu ya kushikwa mkononi mwaka 2004, na Kenya mwaka 2016 iliweka faini ya shilingi 2,000 za nchi hiyo kwa dereva anayetumia simu chombo kikiwa kinatembea. Uingereza, iliyopiga marufuku mwaka 2003, iliongeza makali mwaka 2022 baada ya kubaini kuwa baadhi ya madereva walijitetea kwamba hawakuwa wakizungumza bali wakipiga picha au kuchagua muziki. Funzo ni kwamba kosa haliko katika kuzungumza tu. Liko katika kuiacha barabara.

Anayepiga naye anahusika

Kila simu inayopokelewa na dereva njiani imepigwa na mtu. Mara nyingi mtu huyo ni yuleyule anayemwombea dereva afike salama: mke au mume, mzazi, mmiliki wa gari, mwenye mzigo. Mmiliki anayempigia dereva kumuuliza "umefika wapi" ilhali mfumo wa VTS unaweza kumwonesha, anajiongezea hatari ya kulipoteza gari na watu waliomo. Mteja anayempigia bodaboda mfululizo kumhimiza aharakishe, anamwita mtu anayeendesha kwa mkono mmoja ili aje ambebe yeye.

Ikumbukwe pia kwamba gharama ya ajali katika mkoa huu ina umbali ndani yake. Majeruhi hupokelewa katika vituo vya afya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa mjini Sumbawanga. Anayehitaji huduma za hospitali ya kanda husafirishwa hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300, kupitia barabara ileile. Familia inamfuata, shamba linabaki bila mtu, na mapato ya msimu huishia kwenye nauli na matibabu. Ulimwenguni, WHO inakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Mambo ya kuzingatia

Kwa dereva, uamuzi ufanyike kabla ya kuwasha gari. Zima mlio wa simu na uiweke mahali ambapo mkono haufiki. Kama unatumia ramani, iandae kabla ya kuondoka. Kwenye basi, simu za safari zipokelewe na kondakta. Ikibidi kupiga, simama kituoni au mahali pa wazi nje kabisa ya barabara, washa taa za tahadhari, na usisimame kwenye kona, juu ya kilima au ndani ya ukungu. Gari likiharibika, weka pembetatu za kuakisi mwanga kwa umbali wa kutosha.

Kwa dereva wa bodaboda, simu iliyochomekwa ndani ya kofia ngumu huziba sikio na kulegeza kofia isikae sawasawa. Simama pembeni, zungumza na mteja, kisha ondoka. Mteja anayekuhitaji atasubiri dakika moja.

Kwa mmiliki na wakala, wekeni utaratibu ulioandikwa kwamba dereva hapigiwi akiwa kwenye usukani, na msimwadhibu asiyepokea. Kwa safari ndefu, hakikisheni kuna dereva wa pili aliyepumzika.

Kwa abiria, unayo haki ya kumwomba dereva, kwa heshima, aiweke simu pembeni. Asipokusikia, mwambie kondakta. Akiendelea, andika namba ya gari, mahali na saa, kisha toa taarifa kwa Polisi kupitia namba ya dharura 112, kwa askari wa usalama barabarani katika kituo kinachofuata, au kwa LATRA.

Kwa anayepiga, swali la kwanza baada ya salamu liwe: "Unaendesha?" Jibu likiwa ndiyo, kata simu, umwache afike.

Kwa mzazi na mwalimu, mfundisheni mtoto kusubiri hadi gari lisimame kabisa kabla ya kuvuka, hata kwenye kivuko, kwa sababu dereva anaweza kuwa hamwoni. Vijana nao wakumbushwe kuitoa simu machoni wanapovuka barabara.

Barabara za Ufipa zilisubiriwa kwa miaka mingi na zimejengwa kwa fedha nyingi ili kuwafikisha watu. Ujumbe ulioingia kwenye simu utakuwepo bado gari likiwasili stendi ya Sumbawanga, na utasomeka vilevile.